Aliyeitikia Tisa

Nyumba ya Mwalimu Marcella pale Kiirua haikuhitaji saa ya kuamshia watu. Kabla jua halijatoka vizuri, mtoto mmoja alikuwa anatafuta soksi, wa pili analia kwamba soksi hizo ni zake, na wa tatu amekwisha kuzivaa na amekaa mezani anakunywa uji kimya, kama vile haya mambo hayamhusu. Watoto walikuwa tisa. Ndiyo, tisa, wa baba mmoja na mama mmoja, na mgeni aliyefika pale mara ya kwanza alidhani amekuta sherehe.

Wakubwa watano walienda shule. Wadogo wanne walisoma nyumbani, kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Meru kwenda Nanyuki, na malori yanayopita pale hayamjui mtoto wala mbuzi. Mama alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kuacha kazi, kwa hivyo akasema wadogo watasoma sebuleni mpaka wafike umri wa kuvuka barabara ile bila kushikwa mkono. Ubao wao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Chaki ilichafua viti, na wakati mwingine kuku aliingia katikati ya somo la hesabu akafukuzwa na darasa zima. Hata hivyo walisoma, tena walisoma vizuri.

Mama peke yake hangeweza yote hayo. Basi kila mdogo alipewa mkubwa wake. Mkubwa huyo alimwogesha, akamvisha, akamfundisha herufi jioni, na kumchunga popote walipokwenda. Joyline, msichana wa gredi ya sita aliyekuwa wa nne kuzaliwa, alipewa Linda, kitindamimba wa miaka minne. Linda alikuwa mtoto mpole, lakini maswali yake, lo! Kwa nini ng'ombe havai viatu? Kwa nini herufi ya O haina miguu? Joyline alijibu mawili matatu, kisha akaanza kusema "sijui" kabla hata swali halijaisha.

Desturi nyingine ya nyumba hiyo ilikuwa kuhesabiana. Kabla ya kuondoka mahali popote, kanisani, sokoni au shambani, Mama alisimama akapaza sauti: "Hesabu!" Hapo kila mtoto alitaja namba yake kwa kufuata kuzaliwa. Kithinji, kifungua mimba, alianza na "Moja!" na kadhalika mpaka kufikia "Tisa!" ya Linda. Linda alipokuwa mchanga, Joyline ndiye aliyemwitikia. Siku hizi Linda alijua kujisemea, ila alichelewa. Angeweza kumtazama kipepeo mpaka watu wakachoka kungoja. Joyline hakuwa na subira hiyo. Nane ikishatajwa tu, yeye alidakia, "Tisa!" Mama akisikia tisa, Baba yao, Riungu, aliwasha pikapu, wakaenda.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, familia nzima ilikwenda kuvuna viazi katika shamba walilokodi kule juu, karibu na msitu. Baba na Kithinji walilima kwa majembe ya uma, wakipindua udongo, na wengine wakafuata nyuma wakiokota. Viazi vikubwa viliwekwa huku, vya mbegu kule, na vilivyokatwa na jembe viliwekwa kando vya kupikwa nyumbani. Linda alitandikiwa gunia kando ya rundo la majani makavu ya viazi, akaambiwa asiondoke hapo.

Katika shamba la jirani watu nao walikuwa wakivuna, na miongoni mwao alikuwa Purity, rafiki wa Joyline darasani. Purity alikuwa ametoka Embu kwenye mashindano ya muziki, na alikuwa na habari tele. Nani alisahau maneno jukwaani, nani aliangusha ngoma, nani alilia. Joyline alitaka kuzisikia zote. Lakini utasikilizaje habari tamu hivyo huku mtoto anakuvuta sketi akikuuliza kama viazi vina mama?

Akamwendea Bundi, ndugu yake wa miaka kumi anayemfuata kuzaliwa.

"Bundi, nishikie Linda kidogo."

"Kidogo yako naijua mimi. Ni mpaka jioni."

"Nitakuoshea gambuti zako."

Bundi alizitazama gambuti zake za mpira zilizojaa matope. "Gambuti, na sare ya shule."

"Haya, na sare. Lakini usimwambie Mama."

Bundi tayari alikuwa na mdogo wake wa kuchunga, lakini akaona mmoja zaidi si kitu. Akamketisha Linda palepale kwenye gunia na kuendelea kuokota viazi. Joyline akaenda mpakani kwa Purity. Mikono yao ilichambua viazi, midomo ikachambua watu.

Alasiri ukungu ulianza kushuka kutoka msituni. Baba akasema wafanye haraka. Kithinji alimwita Bundi aje wafunge magunia kwenye mkokoteni wa punda. Bundi alitupa macho kwenye gunia la Linda, akamwona amelala. Akapaza sauti kutoka upande wa pili wa shamba, "Joy! Mchukue mtoto wako! Mimi naenda kwa punda!"

Wakati huo Purity alikuwa amefika pale mwamuzi alipoinuka kutangaza washindi. Joyline alisikia jina lake tu. Aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayemjibu anayemsumbua. Bundi aliuona mkono ule, akaondoka bila wasiwasi wowote.

Ukungu ulizidi. Pikapu ilijazwa, na mkokoteni ukajazwa. Ulikuwa umesimama nyuma ya pikapu, na magunia yalikuwa marefu kiasi kwamba wa huku hakumwona wa kule. Mama akafunga kitenge chake vizuri kwa baridi, akaita: "Hesabu!"

"Moja!" akasema Kithinji kutoka kwa punda. Sauti zikafuatana. "Nne!" akasema Joyline, akiwa juu ya pikapu na wadogo. "Tano!" akasema Bundi kule nyuma. "Sita!" "Saba!" "Nane!"

"Tisa!" akadakia Joyline.

Hakusema kwa nia mbaya. Alijua Linda yuko na Bundi kule kwenye mkokoteni. Na Bundi, aliposikia tisa ikitoka kwenye pikapu kwa sauti ya Joyline, alijua Linda yuko huko mbele. Kila mmoja alijua vizuri sana, na hakuna aliyekuwa ameangalia. Pikapu ikatangulia, punda akafuata polepole.

Nyumbani Mama aliwasha jiko, akapasha maji, akaanza kuwaosha wadogo mmoja baada ya mwingine. "Joyline, niletee Linda kabla maji hayajapoa."

Joyline alisita. Akisema yuko na Bundi, Mama atauliza kwa nini yuko na Bundi. Basi akasema, "Anakuja, Mama."

Akatoka, akasimama langoni kungoja mkokoteni. Hatimaye akasikia magurudumu. Kithinji alikuwa anamwongoza punda, na Bundi amekaa juu ya magunia akila kiazi kibichi, mtoto mtundu yule. Joyline aliangalia kushoto kwa Bundi. Akaangalia kulia kwake.

"Linda yuko wapi?" akanong'ona.

Bundi aliacha kutafuna. "Si yuko na wewe?"

"Nilikuachia wewe!"

"Nilikuita umchukue! Si uliinua mkono? Na tisa uliitikia wewe mwenyewe!"

Kabla Joyline hajajibu, Mama alitoka jikoni akijipangusa mikono. "Huyu Linda mbona haji?" Aliwatazama watoto, akaona nyuso zao. "Nini? Linda yuko wapi?"

"Hayuko kwa punda," akasema Kithinji.

"Basi yuko hapahapa," akasema Baba, akitoka kupanga magunia. "Si aliitikia hesabu? Si Joyline alikuwa naye kwa pikapu? Ameshuka akaenda kucheza. Mtafuteni nyuma ya nyumba."

Mama naye akasema, "Ndiyo, Joyline amesema sasa hivi kwamba anakuja. Hajafika mbali."

Wakatawanyika. "Linda! Linda wee!" Walitafuta kwa ng'ombe, chini ya vitanda, chooni, ndani ya ghala la mahindi. Joyline naye alizunguka akiita. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo aliiona sura ya Mama, akaufunga. Akajiambia huenda kweli Linda alipanda pikapu. Huenda alilala kati ya magunia. Akajiambia hivyo ijapokuwa magunia yenyewe yalikwisha kushushwa.

Halafu Baba akaona kijilango cha bwawa kiko wazi.

Bwawa hilo walilichimba wenyewe kwa ajili ya kumwagilia mboga, na ndani limetandikwa karatasi nyeusi ya plastiki. Karatasi hiyo huteleza kama sabuni. Akiingia mtu mzima huhitaji kamba ili atoke, sembuse mtoto wa miaka minne. Ndiyo maana kijilango kilifungwa kila wakati. Jioni hiyo mtu mmoja alikuwa amechota maji ya kuoga akasahau.

Baba alikimbia, akashika kamba, akaingia majini na viatu vyake na koti lake. Maji yalimfika kifuani. Akaanza kupapasa chini kwa miguu, akienda huku na kule, akitweta kwa baridi. Kithinji alishika ncha ya kamba akilia waziwazi, yeye mkubwa wao wa miaka kumi na saba. Mama alipiga magoti ukingoni. "Mwathani! Mwathani, mwanangu!" Wadogo waliposikia Mama akimwita Mungu kwa sauti ile, wote wakaangua kilio.

Baba alikuwa akimtafuta Linda mahali ambapo Joyline alijua kabisa kwamba hayupo, na kule msituni giza lilikuwa linakaribia. Kila dakika waliyopoteza hapa, Linda alikuwa peke yake kule.

"Baba, toka majini!" akapiga kelele.

Baba hakugeuka. "Ondoa watoto hapa!"

"Baba, hayumo! Hakupanda pikapu! Mimi... niliitikia tisa bila kumwona. Nilimwachia Bundi, nikaenda kwa Purity. Sikumwona tena tangu mchana. Linda amebaki shambani, Baba!"

Mama aligeuza uso wake polepole, na ule uso ambao Joyline aliuogopa sasa aliuona. Haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa umejaa hofu, na katika hofu hiyo ikaingia tumaini.

"Una hakika?" Mama akauliza.

"Nina hakika, Mama."

Baba alitoka bwawani, maji yakimchuruzika. Hakumgombeza mtu. "Ingia kwa gari," akamwambia Joyline. "Utanionyesha mahali." Mama aliingia mbele, akambebea Baba blanketi, na pikapu ikaondoka kwa kishindo.

Njiani Joyline aliwaza baridi ya kule juu, aliwaza ukungu, aliwaza ndovu ambao wakati mwingine hutoka msituni kuja kula mazao ya watu. Aliwaza pia lori lililokuwa likipakia viazi vya kina Purity. Linda alipenda malori. Itakuwaje kama amelipanda? Alijibana kwenye kiti akaomba kimoyomoyo, akaomba vibaya vibaya bila kujua anaanzia wapi.

Walipofika, lori lilikwisha kuondoka. Hapakuwa na mtu. Joyline aliruka chini, akakimbia mpaka kwenye rundo la majani. Gunia lilikuwepo. Linda hakuwepo.

"Linda!" Sauti yake ilipotelea ukunguni. "Linda, ni Joy!"

Baba alimulika kwa tochi ya simu ya Mama pande zote. Mama aliita mpaka sauti ikapasuka. Kisha, kutoka kwenye kijia kinachopakana na shamba, mtu akajibu, "Ni nani hao wanaopiga kelele? Nyinyi ndio mmepoteza Tisa?"

Bibi mmoja alijitokeza kwenye mwanga. Alivaa koti la mvua la mwanamume, na mgongoni amefunga mtoto kwa leso, kichwa kimoja kidogo kikichungulia begani. Alikuwa Shosho Gatakaa, mjane anayekaa huko juu. Watu wakishavuna viazi, yeye huingia shambani kuokota vile vidogo vilivyobaki, na hakuna anayemkataza, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi ya huko.

Mama alimkumbatia bibi na mtoto wote kwa pamoja, mpaka Shosho akasema, "Polepole, mama, mimi mbavu zangu ni za zamani."

Linda alikuwa mzima. Alikuwa na udongo puani na kiazi cha kuchoma mkononi, basi. Baba alijaribu kusema asante, akashindwa, akavuta pumzi ndefu, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Joyline alikaa chini pale pale kwenye matuta.

"Nilikuja kuokota viazi vyangu," Shosho akaeleza, "nikaona majani yanatikisika. Nikasema, huyu ni fuko! Nikainua jembe, Mungu wangu, kumbe ni mtoto amejifunika majani kama blanketi. Nikamuuliza jina, akasema 'Tisa'. Nikauliza, baba yako ni nani? 'Baba.' Mama je? 'Mwalimu.' Nimepita boma hadi boma nikiuliza nani amepoteza Tisa, watu wakanitazama kama nimerukwa na akili. Ndipo nikarudi huku nikijua mwenye mtoto atarudi."

Walimpeleka Shosho hadi kwake kwa pikapu. Mama alitaka kumpa gunia zima la viazi. Shosho akakataa katakata mpaka Baba alipoliweka mlangoni na kuondoka mbio.

Nyumbani vilio viligeuka vicheko. Wadogo walimrukia Linda kama vile alikuwa ametoka ng'ambo. Bundi alimpa kiti chake, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Baba alibadilisha nguo, akafunga kijilango cha bwawa kwa kufuli, kisha wote wakaketi mezani kula mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Joyline hakugusa sahani yake.

Mama alimweka Linda magotini. "Linda, ulisikia tukiondoka?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa macho?"

"Nilisikia Hesabu. Nikasikia Joy akisema tisa." Linda alijilamba vidole. "Nikajua ameniona. Nikalala tena."

Joyline alifunika uso kwa viganja, na machozi yaliyokuwa yamezuiliwa tangu bwawani yakatoka yote. "Nisamehe, Linda. Sikukuona. Nilisema tu."

Mama alimwacha alie kidogo. Kisha akazungumza kwa ile sauti yake ya darasani, lakini ya upole.

"Sikilizeni nyote. Joyline amekosa, na Bundi pia amekosa, kwa sababu mtoto hakabidhiwi kwa kupiga kelele kutoka mbali. Lakini hata mimi nimekosa. Leo nilihesabu sauti, sikuhesabu watoto. Mkiitikia kwa niaba ya mtu, mnaniambia kwamba macho yenu yamemwona. Mimi nawaamini, Baba yenu anawaamini, na mmeona wenyewe kwamba hata mtoto mdogo anawaamini, analala usingizi kwa sababu ya neno lenu. Neno la namna hiyo si la kutupwa ovyo. Kama hujaona, sema sijaona. Hakuna atakayekuchapa kwa kusema hivyo."

"Na uongo huwa haukai peke yake," Baba akaongeza. "Ulianza na tisa, ukafuatwa na 'anakuja', na mimi nikaishia majini. Joyline, ulipata wakati mgumu kusema ukweli mbele ya wote, najua. Lakini ulipousema, tulimpata mtoto. Ungenyamaza zaidi, Shosho angekuwa amelala, na sisi tungekuwa bado tunapapasa bwawa."

Kutoka siku hiyo, Mama alisema, watataja majina, si namba, na kila mkubwa atashika mkono wa mdogo wake wakati wa kuitikia. Hakuna mkono, hakuna safari. Bundi akauliza kama gambuti zake bado zitaoshwa. Alitazamwa na watu wote kumi mezani, akarudi kwenye chakula chake.

Joyline alipangusa macho. Kulikuwa na jambo moja ambalo lilimtisha kuliko adhabu yoyote, na alilisema kwa sauti ndogo.

"Mama, sasa Linda atakuwa wa nani?"

"Wewe unataka awe wa nani?"

"Wangu."

Mama alimtazama Baba. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama akamnyanyua Linda kutoka magotini, akampitisha juu ya meza, juu ya sufuria na vikombe, mpaka mikononi mwa Joyline.

"Basi mlishe," akasema. "Na mkimaliza, ana maswali ya siku nzima ambayo hayajajibiwa."

Linda alijiegemeza kifuani mwa dada yake. "Joy," akasema, "viazi vina mama?"

"Vina," akajibu Joyline, akimkumbatia kwa nguvu. "Ngoja nikueleze."